Meza Iliyovalishwa Ndani Nje

Miaka ishirini na sita Bibi alishona katika ile hoteli kubwa, kwenye chumba cha chini jirani na mashine za kufulia. Kazi yake ilikuwa kuziba matundu ya shuka na vitambaa vya meza, ayazibe hata mgeni akipitisha kiganja asihisi kitu. Sasa ghorofa ya chini imekuwa makumbusho, na darasa la mjukuu wake lilikuwa liende kuyatazama Ijumaa.

"Nimewaambia wenzangu Bibi yangu alishona humo, wakanicheka," mtoto alilalamika. "Wanasema, haya, tuonyeshe!"

Bibi hakuwa na la kuonyesha. Kazi yake nzuri ndiyo ile isiyoonekana. Hata hivyo Jumanne alivaa viatu vyake vya kuendea harusi za watu, akampitia mjukuu shuleni, wakaongozana.

Ukumbi wa chakula ulikuwa umepangwa kama zamani: sahani, vijiko vinavyong'aa, na kamba nyekundu ya kuzuia watu. Bibi aliinama, akakunja uso.

"Mwanangu," alimwita mlinzi, "nani kaivalisha meza hii?"

"Wataalamu, mama."

"Wataalamu wa nini? Pindo linatazama juu! Mmeivalisha nguo ndani nje, kama mtu aliyeamshwa na moto."

Mlinzi alicheka mpaka akashika mkanda. Mtoto aliona haya, akamvuta Bibi gauni. Lakini Bibi alikuwa ameganda. Pale pembeni mwa kitambaa, upande ambao mgeni hakupaswa kuuona kamwe, palikuwa na mishono mitatu ya uzi wa buluu. Kila mshonaji alikuwa na alama yake ya ndani, ili msimamizi ajue wa kumlaumu.

"Unaijua hiyo?" Bibi aliuliza, akinyoosha kidole.

Mtoto alitazama. Kisha, taratibu, akafunua pindo la sketi yake ya shule, lile alilolishusha Bibi mwezi uliopita. Mishono mitatu. Ya buluu.

"Ni wewe!" alipiga kelele, watu wakageuka.

"Basi leo hii nitawaambia wataalamu wakigeuze kitambaa," mlinzi alisema, "tusizidi kuaibika."

Furaha ilimtoka mtoto usoni. "Na Ijumaa?" alimnong'oneza Bibi.

Bibi, ambaye hakuwahi kuvumilia kitambaa kilichotandikwa kinyume hata kwa dakika moja, alikohoa kidogo.

"Kigeuzeni, ndiyo," alisema. "Lakini Jumamosi, baba. Kitambaa kama hicho hakitaki haraka."