Karatasi Mpya ya Kitanda cha Kumi na Moja

Jumanne, tarehe 14 Mei. Mawingu yalitanda tangu alfajiri, mvua ikatishia kutwa nzima bila kudondosha tone.

Muuguzi waliyembandika jina la Mama Kalenda alirudi nyumbani saa kumi, akavua viatu, akavivaa tena. Akaanza kupiga pasi sare, akaiacha. Kitu kilimkera rohoni, na hakujua ni kipi.

Jina hilo alilipata wodini. Zamani pale mgonjwa alichomwa sindano za antibiotiki mpaka aruhusiwe au kabati liishe. Yeye akaanza kuhesabu siku za kila mmoja katika daftari lake, na siku ya tatu humfuata daktari hata kwenye chai: "Tunaacha, tunaendelea, au tunampa vidonge?" Madaktari wapya humkwepa. Wa zamani humjibu kabla hajafungua mdomo.

"Mama, mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?" binti yake akamuuliza.

"Kuna kitu nimesahau."

"Funguo?"

"Ningekijua, si ningekuwa nimekikumbuka?"

Binti akacheka, akarudi kwenye masomo. Ukurasa wake ulikuwa umejaa; akafungua mwingine, akaandika juu tarehe ya leo.

Mama akachomoa pasi ukutani. Amekikumbuka.

Karatasi ya dawa ina visanduku vya siku saba tu. Ya fundi cherehani, kitanda cha kumi na moja, ilikuwa imejaa. Asubuhi, mbiombio, yeye mwenyewe alihamishia sindano zake za antibiotiki kwenye karatasi mpya, na penye tarehe ya kuanza akaandika 14 Mei. Fundi alilazwa yeye akiwa likizo, hivyo hata daftarini hakuwamo. Siku ya nane ikageuka ya kwanza. Na dawa ile ikizidi siku, hula figo na masikio.

Tena mzee alimwambia! "Mwanangu, cherehani yangu imenifuata hadi hapa. Inavuma masikioni." Naye akacheka, akamchoma.

Sindano ya pili ya siku hiyo ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Alikwenda nusu akitembea, nusu akikimbia.

Mwenzake aliyempokea zamu alikuwa ameshashika sinia la sindano. "He! Kalenda imerudi kuhesabu usiku?"

"Weka chini, dada. Nimekosea mimi." Alilisema mbele ya wodi nzima, huku akiichomoa karatasi ya zamani kwenye faili.

Daktari alizitazama karatasi zote mbili, akakuna shingo. "Simamisha. Apimwe figo sasa hivi." Kisha akaongeza kwa upole, "Na mimi niliipitia leo. Sikuuliza."

Majibu ya figo yalikuwa mazuri. Lakini cherehani bado ilivuma.

Kesho yake alifika kabla ya zamu. Aliinama upande wa kulia wa fundi, akanong'ona, "Fundi, umeamkaje?"

"Salama, mwanangu."

Akazunguka kitanda, akanong'ona upande wa kushoto. Kimya. Akanong'ona tena. Fundi aliendelea kutazama dirisha.

Akaenda kumwita daktari wa masikio. Alipokuwa akimngoja mlangoni kwake, alitoa kalamu nyekundu, akaanza kupitia karatasi za wodi alizokuja nazo, moja moja, akiandika juu ya kila iliyohamishwa tarehe yake ya kwanza kabisa.