Dengelua ya Siku ya Tatu na Kanda ya Wazee Wawili

Babu yangu hanywi tena, lakini bado anapika dengelua, na bado anaamini kwamba kumpa mtu pombe bila muziki wake ni sawa na kumpa ugali mkavu. Dengelua ni pombe ya miwa, nawaambia ninyi ambao hamjawahi kupanda huku kwetu Lushoto. Daktari alimkataza kwa sababu ya sukari. Babu akatii nusu: koo limeacha, masikio yamegoma.

Kwa hiyo kila mtungi una nyimbo zake. Maji ya miwa ya siku ya kwanza, ambayo hata sisi wanafunzi tunaruhusiwa kunywa, yanaenda na santuri moja ya kizungu aliyoachiwa na mwalimu Mjerumani: gitaa kavu, kinanda cha mdomo, na watu wanaoimba kama wanaomba radhi. "Hii bado haijakomaa," Babu husema, na hujui anasema santuri au maji ya miwa. Pombe ya asali, inayoletwa na shemeji yake kutoka Mnazi kule chini kwenye joto, inawekewa albamu yenye gitaa la umeme na ngoma nyingi, maana asali inapanda taratibu halafu inakuangusha mara moja. Siku moja nilimwuliza gongo inaenda na wimbo gani.

"Ule wa maziko," akasema. "Na usiniulize tena, mke mdogo."

Mke mdogo ni mimi, niko kidato cha tatu. Bibi ananiita mke mwenzake anayekula bila kulima. Mjukuu kwa babu yake ana ruhusa ya utani, na mimi ruhusa hiyo niliitumia mpaka ikatoboka. Niliwahi kumtilia chumvi kwenye chai. Niliwahi kubadilisha majalada ya santuri, wazee wa usharika wakaja kunywa asali huku wanaimbiwa na wale Wazungu wanaoomba radhi. Babu alicheka mpaka akaomba maji.

Dengelua ya siku ya tatu, ile kali, haina santuri. Ina kanda. Ujanani Babu alikuwa na rafiki yake kutoka Mlola, wakachukua nyimbo za jadi za Kishambaa wakazitia magitaa ya umeme, wakarekodi sita. Babu alipiga gitaa, rafiki yake akaimba. Kanda haikuwahi kupata jalada, lakini Babu huiita "albamu yetu" kama mtu anayetaja shamba. Wateja hawakuwekewa kamwe. Na yule rafiki hakuwa amekanyaga kwetu tangu mama yangu hajaolewa.

Sababu niliambiwa baadaye, ila ninyi nawaambia sasa, msije mkacheka kama nilivyocheka mimi. Rafiki huyo alikunywa kwa Babu siku moja, akaamka kesho yake hana sauti. Ikarudi imekwaruza, na hakuimba tena. Watu wakasema kwenye kata, kile kibuyu cha kunywea, kulikuwa na kitu. Wakasema mpiga gitaa alichoka kusikia mwimbaji anasifiwa. Babu hakujibu, maana neno la namna hiyo unalijibuje?

Likizo ya Juni iliyopita mzee wa Mlola akapiga simu. Alitaka kuisikia ile kanda kabla masikio hayajafuata sauti. Babu alifagia uwanja mwenyewe, kazi ambayo sijawahi kumwona akiifanya. Akasafisha kichwa cha redio ya kanda kwa pamba na spiriti. Akahesabu siku za mtungi ili ya tatu iangukie Jumamosi.

Sasa kwetu mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni aone kwamba hakuna baya. Tangu Babu akatazwe, anayeonja ni Bibi, na Bibi huonja kwa madaha, midomo imebinuka kama mke wa mkuu wa wilaya. Nilitaka kuyaona madaha hayo yakikutana na pilipili kichaa. Nikaiponda moja, nikaipaka ndani ya kata, nikaitundika mahali pake. Nilijiona nina akili kuliko darasa zima.

Mzee wa Mlola akaja saa tisa alasiri, amevaa koti la suti na buti za shamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya bawaba kavu.

"Huyu ndiye nani?"

"Mke wangu mdogo," Babu akasema. "Jihadhari naye."

Wakacheka. Babu akabonyeza redio, gitaa likaanza, halafu ikaingia sauti ambayo sikujua mwanadamu anaweza kuwa nayo. Mzee wa Mlola akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno.

Bibi akaleta mtungi na kata. Babu akanyoosha mkono.

"Lete. Leo naonja mimi."

"Na sukari je?"

"Sukari ingoje nje. Mgeni wa leo si wa kuonjewa na mtu mwingine."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake niliwaza: Babu tena, itakuwa nzuri zaidi.

Akanywa. Akakohoa, akashika koo, macho yakajaa machozi, kata ikaanguka. Alitaka kusema neno, likatoka kama sauti ya mgeni wake.

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Mzee wa Mlola alikuwa amefungua macho, anamtazama Babu aliyeshika koo, na sijawahi kuona uso ukijifunga polepole namna ile. Bibi alinitazama. Hapo ndipo nilipopaswa kusema "ni pilipili, ni mimi." Maneno manne. Kanda ilikuwa bado inaimba. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno darasani, nikakaa kimya.

"Nashukuru kwa muziki," mzee akasema, akainuka, akaenda zake. Babu alikuwa hawezi hata kumwita.

Jioni nilimwambia Bibi tukimenya viazi. Hakunipiga, na ningefurahi kama angenipiga. Babu alisikia kutoka nje.

"Ungesema pale pale," akasema, "tungecheka sote wanne."

Jumamosi iliyofuata nikapanda gari la abiria, Noah, kwenda Mlola, kwaya nikaiaga kwa uongo. Mzee alinipokea vizuri, akanikaribisha mahindi ya kuchoma. Nikaeleza yote: pilipili, kata, Bibi aliyekuwa aonje. Akasikiliza bila kunikatiza.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa, babu. Nimekuja mwenyewe."

"Aliyetumwa naye husema hivyo hivyo."

"Tupige simu ya Babu, umwulize Bibi."

"Bibi yako ni wa nyumba ile ile." Hakuwa na hasira. Aligeuza hindi kwenye makaa. "Sikiliza, mjukuu. Miaka yote hii sikumwamini babu yako. Mwaka huu nikaamua kumwamini, nikavaa koti, nikaja. Labda unasema kweli. Lakini kwa umri wangu, jambo kama hilo mtu haliamui mara mbili."

Nilikuwa nimeirekodi ile kanda kwenye simu ya Bibi. Nikampa, nikamwambia naweza kumwekea, nyimbo zote sita. Akaigeuza simu mkononi, akanirudishia.

"Mpelekee mwenyewe, babu yako."

Niliporudi Babu alikuwa anapogoa miparachichi. Aliuliza bila kugeuka mzee alisema nini. Nimeishi kwa uongo wa kuchekesha tangu darasa la pili, na siku ile nilitafuta hata mmoja wa kumpoza, nikaukosa. Nikamwambia neno kwa neno.

Akakata tawi moja, na lingine.

"Ana haki," akasema. "Hata mimi nisingeweza."

Miwa iko shambani, imepita kimo cha mtu. Wateja wanapita kuulizia dengelua, na Babu anawaambia bado haijakomaa. Wanamwamini, maana yeye ndiye anayejua. Mimi napita pembeni yake na ndoo ya maji, nasikia, na ninajua miwa ile ilikomaa zamani.