Nyayo za Mkaguzi wa Maji

Mkaguzi wa idara ya maji huvua viatu mlangoni hata anapoambiwa aingie navyo. Visigino vyake vimepasuka kama udongo wa kiangazi, lakini ndivyo anavyoviamini. Hufunga mabomba yote, huangalia kama mita bado inazunguka, kisha hutembea pekupeku chumba hadi chumba akitafuta sakafu yenye ubaridi. Mdomo nao haupumziki. "Bili hii, baba, mnafuga tembo?" alimtania mwenye nyumba, aliyeomba punguzo akiapa kwamba maji yanavuja mahali pasipoonekana. Mwenye nyumba alicheka kwa aibu. Kabla ya kuapa hivyo alikuwa akimlaumu mkewe kwamba anaoga kama bata, hadi mama wa watu akawa anajipangusa kwa kitambaa. Uvujaji usipopatikana leo, punguzo hakuna, na maji yatakatwa.

Chumbani mkaguzi alisimama ghafla. Mume na mke wakasogeza kitanda. Akagonga sakafu kwa kisigino, kisha akainama bila utani wowote. Alichokoa ufa wa saruji kwa nondo yake. Ikazama, ikamponyoka, na wote wakaisikia ikitumbukia majini, mbali, chini ya pale walipokuwa wakilala.

"Tokeni. Taratibu. Mama kwanza."

Nje, viatu mkononi, mkaguzi alimgeukia mwenye nyumba. "Punguzo utapata, baba. Ila humo msirudi kulala."

"Kumbe bata alikuwa anaogea chini yetu, baba watoto," alisema mke, na hakuna aliyecheka.