Unga Chini ya Mkuyu

Juzi, huko Gitega, mtafiti wa misitu aligonga gome la mti unaokauka, ukamwagika unga mweupe.

"Ni mdudu, mzee. Anatoboa mti na kuingiza kuvu inayouua."

Unga ule ulinuka pombe ya ndizi, kama ule wa chini ya mkuyu wetu kule Muyinga nilipokuwa mtoto. Mkuyu ulikuwa unakufa, na mchana mmoja wanaume walimzingira Bibi Katarina, jirani aliyepita hapo kila asubuhi na ungo wake.

"Ulimwona akimwaga dawa ya uchawi hapa?" baba aliniuliza.

"Sema kweli, mjukuu wangu," Bibi Katarina aliniambia taratibu.

Nilimwona akipita, na unga niliuona. Kwa akili yangu ya kitoto, hiyo ilitosha.

"Ndiyo, baba."

Walimfukuza, akashika njia ya mpakani Kobero, ungo kichwani. Asubuhi, chini ya mkuyu, unga mpya ulikuwa umemwagika.