Jiwe Nililosimama Juu Yake Nikiomba

Naandika haya masikio yangu yakiwa bado ya moto kwa aibu, maana hapa parokiani kwetu Butembo siitwi tena Masika, naitwa yule binti aliyeomba mpaka lori likashuka lenyewe.

Mimi ni mtu wa kuogopa kukosea. Padri aliponiambia nitaongoza sala kabla ya kugawa unga na maharagwe kwa ndugu zetu waliokimbia vita Kanyabayonga, nilikosa usingizi (kuomba mbele ya watu sikufundishwa na mtu, nimejifunza peke yangu kwa redio na kioo), nikapanga kila neno, mahali pa kupandisha sauti, hata mkono upi utangulie kuinuka. Kitu kimoja tu sikukipanga: ufupi wangu.

Lori lilikuja limejaa, likasimama upande wa juu wa uwanja, pale penye mteremko, na chini kabisa akina mama walikuwa wameshateleka masufuria motoni kwa sababu watoto walilala njaa. Nikaona watu wa nyuma hawanioni. Nikatafuta cha kupandia, na macho yakaangukia jiwe zuri, bapa, limekaa nyuma ya gurudumu kana kwamba Mungu mwenyewe ameniandalia. Nikaliburuta pembeni. Lori halikutikisika (breki yake ya mkono ilikuwa imechoka, inashika kidogo kisha inaachilia, lakini hayo ningeyajulia wapi?), nikapanda, nikasema, «Tufumbe macho.»

Niliomba vizuri, jamani, sitawadanganya. Nilipofika kwenye maneno niliyoyapenda zaidi, «Bwana, msaada wako ushuke, ushuke sasa hivi!», nikasikia watu wanapiga kelele, nikadhani sala imewagusa, nikapandisha sauti kama nilivyopanga.

«Mutoke mu njia! Camion inakuya!»

Ilikuwa sauti ya Papa Saidi, dereva, Mwislamu wa Beni, ambaye alisimama nasi kwa heshima lakini hakufumba macho. Nilipofumbua yangu, lori lilikuwa linarudi nyuma kuelekea masufuria, watu wanaruka huku na huku, na Papa Saidi ananing'inia mlangoni. Akaingia, akakata usukani, lori likajigonga kwenye mikaratusi ya uani na kusimama. Mfuko mmoja wa unga ukamwangukia Padri miguuni, ukapasuka, akawa mweupe mpaka kope.

Mama Kahindo, mmoja wa wakimbizi waliokuwa wanapika, akagusa watoto wake kichwa kimoja kimoja, kisha akawatazama wenzake.

«Biko bote,» akasema. Wote wapo, wazima.

«Njo nani alitoa jiwe?» Papa Saidi akafoka. «Miye mwenyewe niliweka! Wallahi, niliweka!»

Watu wakaanza kulitafuta nyasini, na mimi kwa woga nikawa nalitafuta nao kwa macho, hadi Mama Kahindo akanitazama miguuni.

«Lakini Masika, weye unasimama juu ya nini?»

Nikashuka. «Pardon, Papa. Nilitaka banione.»

«Nyamuhanga wetu!» Mama Kahindo akashika kiuno, akimwita Mungu kwa Kinande. «Tulikimbia mabomu, kumbe kifo kinatungojea ku amina!»

Wakacheka wote, hata Papa Saidi.

«Kukesha na kuomba,» Padri akasema akijipangusa unga. «Leo sisi tuliomba, Papa Saidi akakesha. Masika, hujasema amina. Maliza.»

Maneno yangu yote ya kioo yalikuwa yamekimbia. Nikatazama watoto, nikatazama masufuria yanayochemka.

«Bwana, asante, hakuna aliyeumia. Amina.»

Sijawahi kusikia tena amina iliyoitikiwa namna ile.

Siku hizi naomba macho wazi, miguu chini, na wa nyuma wasiponiona basi, Mungu ananiona. Hata hivyo, kila Papa Saidi akileta mzigo, haniruhusu kuanza hivi hivi.

«Masika, onyesha miguu kwanza.»

Nami nainua kiatu kimoja, nainua cha pili, anatazama chini kwa makini, ndipo tunaomba.