Mgongo wa Glavu

Siku yangu ya kwanza kazini sikujua hata kama nimeajiriwa. Nilikuwa nimepeleka maziwa kwa fundi wa ngozi pale Tarime mjini, mzee wa Kiislamu ambaye baba yake alitoka pwani. Nikamkuta anahangaika na glavu ya ngumi. Mshono ulifumuka ndani kabisa kwenye dole gumba, na vidole vyake vinene havifiki. Akaniangalia mikono.

"Binti, weka maziwa chini. Ingiza kidole hapa, ushike uzi."

Nikaushika. Jioni akasema, "Kesho njoo mapema. Maziwa alete mwingine."

Huyo ndiye Fundi Mkuu, bosi wangu wa kwanza. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia na ngozi, wilaya nzima ilinijua. Nasema bila aibu.

Fundi Mkuu hakuniruhusu kuchoma sindano kabla sijaisoma glavu. Aliniambia, "Ina uso na ina mgongo. Uso ndio unaopiga. Mgongo ndio unaopokea, mtu akijifunika kichwa. Tazama kwanza mwenye glavu amepiganaje, ndipo utajua pa kuweka kiraka."

Mabondia wa wakati ule walisimama wima kama nguzo. Mkono wa kushoto mbele umenyooka, pa, pa, pa, wa kulia unasubiri kidevuni. Glavu zao za kushoto zilikwisha uso wakati za kulia bado zinanukia duka. Katibu wa klabu yao ya ngumi, mtu wa tai na hasira, alikuwa akiona kijana ameinama anapiga kelele, "Mura, unatafuta nini chini? Umeangusha shilingi?" Mura ndivyo Wakurya tunavyomwita kijana wa kiume. Ndani ya glavu hizo kulikuwa na manyoya ya farasi, na wajanja waliyasukuma pembeni ili ngumi ibaki ngumu. Mmoja alituletea tumshonee hivyo hivyo. Fundi Mkuu akamrudishia: "Mimi sishoni mawe."

Baadaye nikapelekwa Mugumu, kwenye tawi la karakana yetu. Huko kulikuwa na bondia aliyependwa kuliko wote. Hakujikinga hata kidogo. Alipokea ngumi kwa uso, anacheka, watu wanashangilia. Glavu zake zilikuwa zimechakaa uso, mgongo laini kama siku zilipotoka dukani. Leo nikikutana naye sokoni, amekaa kwenye meza ya dada yake, tunasalimiana vizuri, halafu ananiuliza jina langu. Nikizunguka kununua nyanya nikirudi, ananiuliza tena.

Kutoka Mugumu nikaenda Genkuru, kuwashonea vijana wa machimboni. Hao walipigana wameinama, wamebanana kama ng'ombe wawili wanaogombea mlango wa zizi, wanatafutana mbavu. Ubaya wa kutazama! Msimamizi wao wa mazoezi, mchimbaji wa zamani, hakuwa na maneno mengi. "Mikono juu! Mkono ukivunjika utaunga. Ubongo utaazima wapi?" Glavu zao ziliniletea taabu: zimechanika ubavuni kwa zile ngumi za kuzungusha, na mgongo umekwanguka mpaka sponji inachungulia. Mmoja alipostaafu alinipa zake. Nimezitundika sebuleni, viraka mgongo mzima. Yeye yuko salama, anauza mahindi, na bei hawezi kukosea, hasa ile ya kunionea mimi.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Sirari, mpaka macho yakagoma na sindano ikawa inakuta kidole kabla ya ngozi. Hapo ndipo nilipowaona mabondia wa sasa. Wanajifunza kwenye simu. Mikono kiunoni, kichwa kinayumba huku na huku, miguu inacheza. Sitawasema vibaya. Wale nguzo wangu wa zamani wangepiga hewa mpaka wakaanguka wenyewe. Lakini miguu huchoka, na ikichoka, mikono iko kiunoni.

Na mmoja wa hao wa sasa ni mjukuu wangu wa kike, Gati.

Alikuja wiki moja kabla ya pambano lake la Sirari dhidi ya msichana wa Isebania, ng'ambo ya mpaka, Kenya. Amevimba chini ya jicho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Nani kakufanya hivyo?"

"Nimegonga mlango."

"Mlango wa nani huo una vidole?"

Akacheka, akanipa glavu niutazame mkanda uliolegea. Nikazigeuza. Uso umechakaa. Migongo inang'aa, yote miwili. Nikamwona yule wa Mugumu, nikamsikia ananiuliza jina langu kwa sauti ya Gati.

Nikampigia kocha wake. Akasema, "Bibi, namwambia kila siku. Labda wewe atakusikia."

Nikashusha zile glavu za Genkuru ukutani, nikaziweka mapajani mwake pamoja na zake. Nikamweleza ya yule wa Genkuru, nikamweleza na ya yule wa Mugumu. Hakucheka tena. Alipapasa vile viraka, kimoja kimoja.

"Hizi ni za watu wazito, Bibi. Mimi nakwepa."

"Kwepa. Ukishindwa kukwepa, je?"

Akachukua glavu zake, akaenda mazoezini. Wiki ile sikulala vizuri wala chakula sikukisikia. Siku ya pambano nilikwenda, na nikikwambia nimetazama nitakuwa nadanganya. Kengele ilipolia nilijifunika kitenge usoni. Kijana mmoja wa Isebania nyuma yangu, kwao bibi huitwa shosho, akasema, "Shosho, huyo wenu leo atalala mapema!"

"Lala wewe kwanza," nikamwambia, kitenge bado usoni. "Sisi tuko macho."

Nilisikia viatu, pumzi, vishindo. Kila kishindo niliuliza moyoni, hiki kimetua wapi?

Watu wanadhani kustaafu ni kupumzika. Mikono ndiyo inayopumzika. Jicho la kazi halistaafu, na hofu ndiyo kwanza inaanza, maana huna tena sindano ya kuishikisha.

Gati alikuja mbio, jasho linatiririka. "Bibi, nimeshinda! Kwa pointi!"

"Sijakuuliza. Lete glavu."

Nikazisogeza kwenye mwanga. Mgongo wa kulia ulikuwa umekwanguka vizuri, alama nyeupe nyeupe, hata mshono umelegea. Nikaupapasa, na machozi yakanitoka mbele ya yule kijana wa Isebania, basi tu.

Kisha nikageuza wa kushoto. Bado unang'aa.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "kesho uje nyumbani. Umebaki mmoja."