Siku Niliyosugua Marimiti ya Mama

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mama yangu alitoka mlangoni mwa nyumba yetu ya Saio, hapa Bunia, na kuniuliza habari ya barabara. Barabara ya kwao, upande wa Mahagi. Imefunguka? Watu wanapita? Namjibu kwamba bado, tungoje kidogo. Kisha nainama juu ya mbabula, jiko langu la makaa, na kupuliza moto, maana uso wangu haujui kuficha kitu.

Barabara ilikuwa ikifunguka na kufungwa, hilo ni kweli. Lakini nyumba aliyotaka kurudia haikuwepo tena. Binamu yangu alinipigia simu wakati wa mavuno ya mahindi, akaniambia wameiunguza yote, pamoja na ghala na ule mlango wa mbao ambao baba aliuweka kabla hajafa. Aliniomba nimwambie mama polepole. Polepole yangu ilichukua mwaka mzima. Kila juma nilisema nitamwambia Jumapili, na Jumapili alirudi kutoka misa amechangamka, nami nikanyamaza. Ukiniita mwoga, sitakataa.

Alipokimbia vita alikuja na vitu viwili: furushi la nguo, na marimiti ya chuma, ile sufuria nzito ya miguu mitatu ambayo bibi alipewa na masista zamani, alipokuwa akiwapikia. Aliibeba kichwani siku mbili. Wenzake walibeba unga, yeye akabeba chuma! Alipofika aliifunga ndani ya gunia, akaisukuma kwenye pembe ya chumba, akasema haitapanda moto wa hapa, itapikia kwake. Misimu mitatu ya mvua ikapita. Paa letu linavuja pembe ileile. Gunia likalowa, na kutu ikaanza kutoka chini yake na kuchafua sakafu yangu ya simenti. Nilisugua alama ile, ikarudi. Nilichukia gunia lile kuliko ninavyochukia panya.

Halafu mama akaanza kukataa chakula. Sombe yangu ya majani ya muhogo haina ladha, maharagi yangu yananuka bati. Anakula vijiko vitatu, anasukuma sahani. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana. Ndipo nikapata akili: nitasafisha marimiti, nitapika maharagi ndani yake, atakula, atanenepa, atazoea Bunia. Na akishazoea, sitahitaji kumwambia neno lolote. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilijiona mwerevu.

Alhamisi moja alienda mtaa wa Ngezi kusali na wamama wenzake. Nilisubiri apotelee kwenye kona ya njia, nikaburuta gunia mpaka uani. Marimiti ilitoka imevimba kutu, inabanduka vipande vipande. Nilianza na kipande cha tofali, nikafuata na mchanga, majivu na gunzi la mahindi, mwishowe sabuni. Kwetu mwanamke anajulikana kwa masufuria yake. Anika sufuria nyeusi kwenye kichanja uone jirani watakavyokusema mpaka kanisani. Basi nilisugua mpaka ngozi ya vidole ikatoka, mpaka chuma kikawa cheupe, nikakisuuza na kukiweka juani kwa majivuno. Kabla sijamaliza kufagia uwanja, chote kilikuwa chekundu tena. Nilikipiga teke, na mguu wangu ndio ulioumia.

Jirani yangu, yule anayekaanga nyama ya nguruwe kando ya njia, alinitazama juu ya ua huku anacheka. Aliniuliza nani alinifundisha kuogesha chuma kama mtoto wa ubatizo. Akanieleza kwamba chuma hakitaki kuwa cheupe. Kitoe kutu, kikaushe papo hapo juu ya moto, kipake mafuta ya nguruwe kidogo sana, kiungue mpaka kiache kutoa moshi, kisha upake tena. Akanipa mafuta yenyewe ndani ya kikombe. Nilirudia mara nne. Moshi ulinitoa machozi, lakini polepole weusi ukarudi, weusi mzuri, laini, na kidole kikapita ndani bila kukwama. Naungama, nilifurahi. Niliimba hata. Nikatia maharagi na kitunguu, nikafunika kwa sahani ya bati kwa sababu kifuniko kilipotea vitani.

Mama alirudi jua likiwa bado juu. Alisimama kwenye mlango wa ua wa parseli yetu, akaitazama marimiti juu ya mbabula. Nilingoja anigombeze. Akaweka mkono mdomoni, na macho yake yakajaa.

“Tunaenda siku gani?” aliuliza.

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, alikuwa ameshaingia ndani. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni anafunga furushi: kitenge cha misa, viatu, rozari. Alikuwa akisema peke yake, kwamba atapitia kwanza kwa dada yake, kwamba akiwahi mvua atapanda hata viazi. Akasema mimi ni mutoto muzuri, nilipata habari ya barabara nikanyamaza, nikamsafishia marimiti ya safari ili nimfurahishe. Mficha maradhi, kilio kitamfichua, wazee hawakukosea. Nikashika mlango.

“Mama, nyumba haiko. Waliiunguza.”

Mikono yake haikusimama. Ilimaliza fundo, ikalikaza vizuri. Kisha akakaa chini na kuniangalia.

“Weye ulijua tangu wakati gani?”

“Tangu mavuno ya mahindi.”

“Ya mwaka huu?”

“Ya mwaka jana.”

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi.

“Mwaka muzima uliniacha niombee nyumba yenye haiko.”

Nilitaka anipige, anitukane, alie kwa sauti mpaka kartie yote isikie. Aliniomba tu nitoke, nimwache kidogo. Nilikaa kando ya moto nikaona haya mbele ya maharagi yangu mwenyewe. Yaliiva vizuri sana. Jioni alitoka, akanawa mikono, akala sahani nzima, akanishukuru.

Sasa anakula kila siku. Mabega yamefunikwa, rangi imerudi, na jirani ananisifu kwamba ninamtunza. Nilichotaka nilikipata. Lakini hakuna neno langu analolishika tena. Nikimwambia mvua inakuja, anaitikia vizuri, anaweka kijiko chini, na kutoka uani kuangalia mwenyewe.